Mgeni wa Siku ya Tatu

Zena binti Shekuwe, mimba ya miezi mitatu,
amekaa kwenye benchi la maabara, huku Langoni,
mkono umekunjwa juu ya pamba.
"Ni paka?"
Huenda, nasema. Huenda nyama isiyoiva vyema,
huenda mchicha uliooshwa kwa pupa.
Paka wenyewe wamelala barazani
kama wenye miadi na daktari.

Darubini hii haifiki huko ninakotaka kumpeleka.
Nageuza fomu, nachora kwa kalamu ya wino.

Huyu kimelea, namwambia, haingii mikono mitupu:
anavuta ukuta wa mwenye nyumba
anajifunika nao, kisha anauita chumba chake.
Hakubisha hodi.
Na hizi, kama punje za mtama, ni mitokondria.
Tazama zinavyomzunguka, ubavu kwa ukuta.
Nilipoiona picha hii chuoni
nilidhani zinamkumbatia.

Kumbe ni mafuta wanayogombea.
Yeye anayataka kwa uzao wake;
nazo zinaungana, punje kwa punje, zikawa uzi mrefu,
zinayawahi, zinayachoma,
mgeni abaki kukwangua sufuria.
Naye hakubali. Anazishika na kuzibana
hadi zivuliwe ngozi ya nje, kipande kipande.

Hapa kalamu yasita.
Kwa sababu, mitokondria, nakujua.
Nawe hukuzaliwa humu.
Uliingia zama zisizo na kalenda,
bakteria tu, bila hodi vilevile;
siku ya kwanza ukala, ya pili ukala,
ya tatu ukapewa jembe
na hujalitua mpaka leo.
Hati yako ya kale bado unayo, imepindwa duara,
na siku ngozi ikipasuka, hati ikadondoka nje,
walinzi wa seli huisoma wakapiga yowe: mgeni! mgeni!
Miaka yote hiyo, na bado hawakuzoei.
Ila yowe hilo ndilo linaloamsha mtaa.

"Na mwana?" anauliza Zena.

Ningemwambia kwamba punje hizi
mwana huzipata kwa mama peke yake,
kwamba jembe tayari limeshapokewa.
Nasema: damu itavuka Mokowe kesho,
ndani ya kasha la barafu, iende Mombasa.
Majibu Alhamisi. Nyama uipike sana.

Anaikunja karatasi, anaitia ndani ya buibui,
anamruka paka mlangoni.
Nalazimika kumwita:
dada, hiyo fomu ni ya hospitali.