Chumba cha Chini

Mezani kwetu, Gyumri, mwezi wa sita,
baba ameikunjua ramani ya Batumi
na kuikandamiza kwa bakuli la cheri isijikunje.
Mimi ndiye karani.
Nimepewa daftari la hesabu la Zaven, kurasa za nyuma,
na amri moja: andika kila kitu, hata upuuzi.

Zaven anataka pomboo.
Andika: pomboo, tiketi nne.
Anataka pia kile kigari cha waya
kinachoning'inia juu ya mapaa hadi kilimani,
na mkate wenye umbo la mtumbwi,
kiini cha yai kikiogelea katikati.
Baba anataka bustani ya mimea:
mianzi, asema, minene kama mapaja ya mpiga mieleka,
ingawa sote twajua atalala kwenye benchi,
gazeti usoni.
Mimi nataka kukaa majini mpaka vidole vikunjamane.
Ufuko wao ni wa kokoto, mchanga hamna.
Andika: kandambili.

Pesa zimo katika bahasha tatu:
ya treni, ya chumba, ya tumbo.
Baba analamba kidole, anahesabu,
anahamisha noti toka tumboni kwenda chumbani,
anairudisha moja, anaguna.
Haba na haba, alituimbia tangu majira ya baridi.
Kibaba kiko mezani leo,
na kimejaa nusu.

Halafu chumba.
Hrachik, binamu yake, ametuma picha:
ghorofa ya kumi na saba, roshani ya vioo,
bahari nzima imetandikwa chini kama shuka.
Bei ya kindugu.
Baba anapiga mluzi. Zaven anaruka, sahani zinaitikia.

Mama anamenya viazi. Hainui kichwa.
"Hakuna cha chini?"
"Chini huioni bahari, Siranush."
"Bahari nitaiendea kwa miguu."

Baba anafungua mdomo.
Anaufunga.
Jikoni kunanyamaza hadi friji inaonekana mbea.

Alikuwa na umri wa Zaven, Desemba ile.
Mwalimu alimtoa darasani, ghorofa ya tatu,
aende bombani uani akaoshe kitambaa cha ubao.
Kitambaa kilikuwa bado kinachuruzika mkononi
alipogeuka, na shule haipo.
Aliniambia mara moja tu, akikaanga,
na machozi tukavisingizia vitunguu.
Hadi leo, shangazi Arshaluys akaaye ghorofa ya nne
huitwa toka barabarani,
na siri zao mtaa mzima unazijua.

Baba anashika simu.
"Hrachik, asante, ila tuna shida.
Mtoto huku anaogopa kuwa juu. Kizunguzungu."
Kidole chake kinamwonyesha Zaven,
Zaven wa mapaa, Zaven wa kigari cha waya,
ambaye anavuta pumzi ya kukana,
anamtazama mama, viazi, kisu kilichosimama,
kisha anaisogelea simu na kupaza sauti:
"Naogopa sana, mjomba! Hata ngazi!"

Mpaka jioni tumepata kwa mjane mmoja, Nazibrola,
chumba nyuma ya ua, vitanda vitatu na godoro,
choo cha kushirikiana, kamba ya nguo,
mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye udongo.
Bahari haionekani. Bei imezidi ya Hrachik.
Baba analihamisha tumbo lote chumbani
bila kuguna.

Naandika: chumba, cha chini.
Mama anapangusa mikono kwenye aproni,
ananinyang'anya kalamu, anainama juu ya daftari
muda mrefu kuliko maneno yenyewe.
Anaporudi kwenye sufuria nasoma:
Kigari cha waya, tiketi tatu.
Mmoja atabaki na mikoba.

Ile tatu ameikoleza wino.
Nailaza karatasi upande wa taa:
chini yake kuna nne.