Kizimba cha Kumi na Saba

Jutlandi, baridi ya mwaka themanini na nne.
Nilikuwa kijana wa kubadilisha kanda za kamera,
na Solvej Ravnkilde alikuwa na ofisi isiyo na dirisha
na kiti kimoja. Mgeni alikaa juu ya gunia la pumba.

"Usiandike anahuzunika," aliniambia siku ya kwanza.
"Andika: amelaza masikio.
Usiandike anatafuta. Andika: amekwaruza sakafu
kwa mguu wa mbele, wa kulia, mara sita."
Nikaandika.
Mara sita. Mara kumi na moja. Mara arobaini.

Nguruwe jike akikaribia kuzaa hutaka kitanda.
Huchimba, husomba nyasi kwa mdomo,
huzipanga, huzipangua, kama aliyeambiwa mama mkwe yu njiani.
Namba 418 alikuwa na zege na nondo,
na nafasi ya kusimama na kulala, si ya kugeuka.
Usiku kucha alitandika
nyasi ambazo hazikuwepo.
Alizing'oa. Alizibeba. Aliziweka.
Nami nikihesabu hewa mdomoni mwake.

Saa tisa za usiku nikauliza, "Hii niiandikeje?"
Solvej alifuta miwani kwa kona ya koti
mpaka kanda ikaisha.
"Andika ulichokiona."
"Sijaona kitu."
"Basi ndicho hicho."

Makala ya kwanza ilirudishwa. Ya pili pia.
Mkaguzi asiye na jina aliandika pembeni:
mnyama hawezi kutamani asichokijua.
Solvej aliibandika karatasi hiyo juu ya birika,
ikapigwa na mvuke miaka ishirini na mitatu
mpaka wino ukawa rangi ya chai.

Wafugaji nao hawakumpenda. Ukumbini Hvidbjerg
Aksel Bundgaard alisimama, kofia mkononi:
"Mama, mimi nina deni benki. Nyasi zako
zitaziba mfereji wangu wa samadi.
Na nguruwe akimlalia mwanawe, nani atalipa?"
Watu walipiga makofi.
Lilikuwa swali la haki. Alirudi nalo nyumbani,
likamla miaka tisa: upana wa zizi, mteremko wa ukuta,
mabua yakatwe sentimita ngapi yasizibe.
Vitoto vilivyokufa alivipima kimoja kimoja
kwa mizani ya jikoni ya marehemu mama yake.
Hakuoka tena keki kwa mizani ile.

Sasa niseme lisilomo katika makala yoyote.
Usiku mmoja wa Februari nilirudi kufuata funguo.
Kizimba cha kumi na saba kilikuwa kitupu,
kimeoshwa, kinasubiri. Ndani yake, ubavu kwenye zege,
alikuwa amelala yeye.
Au hakulala. Macho yalikuwa wazi.
Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Nilitoka kwa ncha za vidole. Asubuhi alichechemea,
akasingizia baridi yabisi.
Kwenye takwimu hakuingia: mnyama mmoja tu,
na hakuna wa kumlinganisha naye.

Mwaka jana binti wa Aksel alitualika.
Zizi pana, mabua hadi magotini, vumbi la dhahabu.
Solvej ameshika fimbo; macho yamefifia.
"Anafanya nini?"
"Amebeba mabua mdomoni."
"Masikio?"
"Yamesimama."
"Mara ngapi?"
Sikuwa nimehesabu. Miaka arobaini,
na siku hiyo sikuwa nimehesabu.

Tukirudi tulipita banda la jirani,
refu, la bati, feni zinanguruma, halina dirisha.
Humo nondo zingalipo.
Akaniomba nipunguze mwendo.
Akateremsha kioo.