Wa Tatu Kutoka Kushoto

Karatasi ya kazi ilisema:
Mwanamke wa sokoni, wa tatu kutoka kushoto.
Hana maneno. Kapu litatolewa.
Saa kumi na moja alfajiri nikashuka basi Shadwell,
jua halijaamua kama litakuja.

Wakanivika sketi tatu, moja juu ya nyingine,
na kofia inayonuka dawa ya nondo na jasho la mtu mwingine.
"Nywele zako..." akasema msusi, akaishia hapo.
Nikazifunga mwenyewe. Nimezoea.

Makala inamhusu Adelaide Pruett,
mtengeneza visanduku vya kiberiti enzi za Malkia Viktoria,
aliyekutwa ngazini, shingo imekatwa,
na muuaji hajajulikana mpaka kesho.
Muuaji, asiye na jina, amepewa dakika arubaini:
kivuli chake, glavu zake, bakora yake ya kichwa cha fedha,
wataalamu wanne wakibishana, alikuwa daktari au mwana wa lodi.
Adelaide amepewa kiatu.
Kimoja. Kimelala ubavu, mvua ikikinyeshea.

Inspekta anaigizwa na Kwabena Anokye,
sharubu za gundi, sauti ya kinanda cha kanisani.
Mwongozaji anampiga begani:
"Siku hizi tunajumuisha kila mtu!"
Kwabena anatabasamu kwa meno ya mbele tu.
Kando ya birika la chai ananiambia:
"Inspekta mwenyewe alikuwa mzungu, picha yake ipo.
Mimi nimemwazima uso. Lakini kodi ni kodi."

Ndipo Winifred Abbs, mtafiti,
akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
nakala ya daftari la hakimu wa vifo,
mwandiko kama msafara wa siafu:

Thomasina Quaye, dobi, mweusi, mzaliwa wa mtaa huu.
Aliapa kwamba alisikia buti, kisha mlango wa namba tisa,
kisha mtu akikohoa kikohozi anachokijua.
Hajui kuandika. Alama yake: X.

Na pembeni, kwa wino mwingine:
Asiitwe tena.

"Nilimwonyesha mwongozaji," Winifred akanong'ona.
"Akasema watazamaji hawataamini.
Watadhani tumempachika."

Basi wa kubuni ametiwa,
na wa kweli ametolewa
kwa kosa la kufanana na wa kubuni.
Kama huku si kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa,
nionyesheni chupa,
nionyesheni mgongo.

Mara ya kwanza nikapita na kapu langu, kama nilivyoagizwa.
Mara ya pili vile vile, mashine ya ukungu ikitukohoza.
Mara ya tatu, kwenye mlango wa namba tisa
(mbao laini, rangi mbichi, nyuma yake hakuna nyumba)
nikasimama.
Nikatua kapu.
Nikatega sikio.

"Kata! Wa tatu kutoka kushoto, unafanya nini?"
"Nasikia," nikasema.
Wakacheka wote, hata mshika taa.
Kwabena hakucheka.

Ilirushwa Novemba, Jumapili usiku.
Mama sebuleni kwake Deptford,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi,
akaikodolea macho kama anayetafuta sindano kwenye mchele.
Dakika ya thelathini na moja akabonyeza, picha ikaganda:
ukungu, gurudumu la mkokoteni, kiatu kile kile,
na ukingoni kabisa, kiwiko
kimetulia, wakati wengine wote wanapita.

"Huyu si wewe?"
Nikamwambia kiwiko ni changu, mtu siye mimi.
Nikamtajia jina.
Akalirudia taratibu, kama ajaribuye ufunguo kwenye kitasa kigeni:
Thomasina.
Quaye.
Akaiweka rimoti chini ya mto, akaikalia.
Maji ya beseni yakapoa.
Hatujui hadi leo makala ile iliishaje.