Nundu ya Gunia

Mwaka ule jalidi ilishuka Matamba kabla ya saa yake.
Tuliamka tukakuta mashamba kama yamepigwa pasi,
majani ya viazi meusi, yamelala,
na juu ya Kitulo jua likapanda
bila haraka, kama mtu asiyedaiwa.

Mchungaji alisimama mimbarini, akafungua kinywa,
akakifunga.
Tukakisikiliza kile kimya hadi mwisho,
hakuna aliyesinzia.

Wengine wakaanza kushuka Mbeya
kwa nabii mwenye mafuta ya kuondoa mkosi shambani,
chupa elfu kumi, na kwa mkopo yapo.
Sikuwacheka.
Mkosi wangu mimi ulikuwa na tundu la uzi:
sindano ya kushonea magunia.

Maana mimi, Obedi Mahenge, mhazini wa usharika,
Jumapili nahesabu sadaka,
siku nyingine zote nampimia tajiri wa lori.
Gunia likijaa, naongeza.
Likifurika, naongeza,
nazungushia wavu, nashona,
na nundu ile ya juu haina bei.
Wakulima huiita lumbesa. Tajiri huiita desturi.
Mimi sikuipa jina; nilishona.

Jumamosi ile alikuja Twilumba Tweve,
mjane, wajukuu wanne, gunia moja tu
lililonusurika bondeni karibu na kijito.
Nikalipandisha nundu kama kawaida.
Debe zima na nusu likaenda bure.
Nikampa noti zake, moja imeungwa kwa selotepu.
Akaitazama, akaifunga kwenye pindo la kitenge.
"Mungu yupo, Mhazini," akasema.
Sikujua ni shukrani au ni mashtaka.

Kesho yake, sikukuu ya mavuno.
Mavuno! Kabichi mbili, mtetea mwenye jicho moja,
dumu la ulanzi ambalo mwenyewe hakujitaja,
na beseni la Twilumba:
viazi vidogo kama golori, vingine vimeungua ubavu.
Mnadi ni mimi; sauti yangu inajulikana hadi ng'ambo ya bonde.
"Elfu moja! Nani ana elfu moja?"
Watu wakatazama viatu vyao.
"Mia tano!"
Mtetea akajibu. Wakacheka kidogo, wakaacha.

Ndipo akasimama yeye mwenyewe.
"Elfu mbili."
"Mama, hivi si ni vyako?"
"Nilishavitoa, si vyangu. Sasa navinunua.
Watoto wa marehemu Sanga hawana mbegu,
na hivi visivyoungua vitachipua."
Akaniwekea noti kiganjani.
Ile ile,
yenye mshono wa selotepu katikati.

Nimehesabu sadaka miaka kumi na tisa.
Siku hiyo nilirudia mara tatu
na mara zote tatu sikupata jumla.

Jumatatu lori likaunguruma.
Gunia la kwanza nikalishona mdomo sawa na kingo zake.
La pili. La tatu.
Dereva akapiga honi:
"Obedi, umelala? Nundu iko wapi?"

Nina mtoto Iringa anasubiri ada.
Ukungu ulikuwa umeimeza barabara ya Chimala, kona zote,
sikuona lori jingine likipanda,
wala mnunuzi mwingine,
wala malaika, nikisema kweli.

La nne lilikuwa limejaa.
Nikachota debe jingine, nikaliinua,
na mkono ukasita hewani.
Ukakaa hapo muda mrefu, Bwana, Wewe unaujua.
Hadi leo nikiomba, naomba hivyo:
mkono juu,
debe halijamwagwa.