Njaa ya Mstari Mmoja

Nimekimaliza jana, saa sita usiku,
kwa taa ya sola iliyosinzia kabla yangu.
Kurasa mia nne na ishirini.
Nilikiagiza tangu Machi. Ndahani wa duka la vitabu,
Barabara ya Saba, alinicheka:
"Mama, mbona hiki cha vijana?"
Nikamwambia, mwanangu, hiki ni cha kwetu.

Maana hadithi yenyewe niliijua.
Kidato cha pili, Mvumi, mwalimu Lechipya
aliisimulia kipindi cha jiografia, chaki zimekwisha:
Wayunani wa kale walikuwa na mama wa nafaka.
Bintiye alikuwa akichuma maua. Ardhi ikapasuka,
mfalme wa kuzimu akachomoza na farasi wake, akampakia.
Mama akazunguka siku tisa na mienge miwili,
hakula, hakuoga,
kisha akaketi chini, akaizuia mbegu isiote.
Binti alirudishwa, lakini alikwisha kula punje za komamanga,
basi nusu mwaka huku, nusu mwaka kule.

Darasa zima tukahesabu kwa vidole.
Mei, Juni, Julai, Agosti.
Mbeleje, aliyekaa nyuma, akasema:
"Kumbe huyo mama ni Mgogo!"
Mwalimu hakucheka. Akaandika kwa kidole
kwenye vumbi la dirisha: KIANGAZI.

Sasa, katika kitabu hiki kipya
binti hachukuliwi. Binti anatoroka.
Mfalme wa kuzimu ana kidevu cha kuchongwa
na huzuni ya kitajiri,
ana jumba lenye lifti
na mbwa anayeoshwa kwa shampuu.
Wanatazamana kurasa sitini.
Mama? Mama ni kero. Mama anapiga simu mno.
Mama hajajifunza kuachilia.
Na njaa, ile njaa
(nilirudi kuitafuta kwa kidole,
nikidhani nimeruka ukurasa)
imepewa mstari mmoja:
"Huko juu, mambo hayakuwa mazuri."

Hayakuwa mazuri.

Mwaka ule mtama uliponyauka ukiwa urefu wa goti
mama yangu Sechelela alipika mlenda usio na ugali wake,
tukaunywa kwa vikombe, kama wageni.
Kwa Wayunani binti huondoka, ndipo njaa ije.
Kwetu njaa ilitangulia.
Dada yangu Nhonya akaenda Manyoni kwa ng'ombe watatu,
na hakuna aliyemwuliza habari za kidevu.
Mama alimfuata kwa miguu hadi Kintinku,
akageuzwa njiani na wajomba,
akarudi nyayo zimepasuka kama mbuga ya Bahi Oktoba.
Hakupiga simu mno.
Simu ilikuwa misheni, na ufunguo kwa katekista.

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa.
Lile komamanga limeandikwa vizuri:
punje sita mdomoni, baridi,
kama meno ya utotoni yaliyorudi kudai nafasi yao.
Nilipasoma mara mbili.
Ndiyo maana imeniuma.
Mwenye mkono huo njaa isingemshinda.

Mwendwa, binti wa Nhonya, anasoma chuo hapa Dodoma.
Nilimpigia asubuhi nimalizie hasira zangu kwake.
Kumbe kakisoma, tena mara mbili.
"Mama mdogo," akasema,
"wote hao wamechukuliwa. Acha huyu mmoja apende."
Kisha, taratibu:
"Natamani mama akisome."

Nilikuwa na maneno. Nikayameza, punje kwa punje.

Nje jirani wanaberega kwenye vumbi,
mawingu bado ni ya kutazama tu.
Nimekifunga kitabu kwa khanga, kitaondoka na basi la Ijumaa.
Nhonya husoma polepole, kwa sauti,
atafika Krismasi yuko kwenye lile jumba.
Ule ukurasa nimeukunja pembe.
Kando ya mstari, kwa penseli,
nimeanza kumwandikia: Mei, Juni, Julai, Agosti,
nafasi ikaniishia Septemba.