Mwingine Yumo Ndani

Saa tisa usiku, Paysandú, mwezi wa Julai,
baridi imejilaza juu ya mabati ya kiwanda cha maziwa.
Umeme ulikatika, ukarudi kwa aibu;
taa zikawaka, mitambo ya kupoza ikaguna,
seva haikuamka.

Au tuseme iliamka. Ndilo linaloudhi.
Iliandika: *naanza.* Ikaandika: *nimeanza.*
Kisha, kabla Nélida hajavuta funda la pili
la chai yake chungu kwenye mrija,
ikazimika bila kwaheri.

Tena. Na tena. Mara ya nne
akaitukana kwa Kihispania cha mama yake,
taratibu, kama mtu anayesali.

Nje malori matatu yamejaa, injini zinanguruma.
Wilmar ameshuka, anapuliza viganja,
anauliza dirishani: "Bado?"
Bila orodha ya wafugaji hakuna wa kupimiwa,
na maziwa hayajui kusubiri.

Akatazama diski: nafasi tele.
Akatazama ruhusa: folda i mikononi mwa mwenyewe.
Mlango wa mtandao: hakuna aliyeukalia.
Akayafanya yote ambayo mtu hufanya
ili asisome kilichoandikwa.

Mwishowe akafungua kumbukumbu, akashuka hadi chini kabisa,
mstari mfupi kama jibu la mtoto aliyenuna:
*Mwingine yumo ndani. Nambari 1184.*

Mwingine yupi?
Akaiita 1184.
Iliyoitika ni programu ya kuchapa risiti,
iliyozaliwa usiku ule ule, giza lilipopita,
ikapewa nambari ya marehemu bila kuulizwa.

Basi ndiyo hiyo. Seva ilipokata roho ghafla
iliacha kikaratasi mlangoni: *Nipo.*
Sasa inarudi kwake, inabisha hodi,
inasoma mwandiko wake yenyewe,
na kwa adabu inageuka, inakwenda zake.

Nélida hakucheka.
Mwaka wa pili huu viatu vya Heber
vimekaa kando ya mlango, visigino nje,
na yeye huingia nyumbani kwake kwa kunyata.

Akakifuta kile kifaili. Tarakimu nne tu.
Akaandika amri mara ya tano.
*Naanza. Nimeanza.*
Akahesabu hadi thelathini, akarudia hadi sitini.
Kimya. Kimya kile kizuri cha mashine inayofanya kazi.

"Ilikuwa nini?" Wilmar, dirishani.
"Karatasi."
"Karatasi gani?"
Lakini mizani ilishalia mara moja,
na mtu alishafungua koki.