Sentensi Tatu za Kuweka kwenye Boksi

Tyubu imetua mezani, nyeupe, kifuniko cha dhahabu ya uongo,
na karatasi fupi kutoka ghorofa ya nne:
"Nurhayat, ijaribu siku ishirini na nane.
Tunataka sentensi tatu za kuweka kwenye boksi."

Mimi huanza nyuma.
Mbele chajitembeza, nyuma ndiko kwenye ushahidi.

Maji yametangulia.
Katika kila orodha maji hutangulia,
na kila bei hujifanya haikuyaona.
Gliserini: heri yake. Hushika unyevu
kama mavyaa anavyoshika siri yenye faida.
Povu litokanalo na nazi,
ingawa nazi yenyewe ikikutana nalo haitalitambua.
Asidi ya salisili, nusu kwa mia,
mpole, huingia vinyweleoni bila kugonga mlango.
Manukato: neno moja, na nyuma yake ukumbi mzima wa watu wasiotajwa.
Na hapo katikati, kwa jina la Kilatini lililofunga tai,
unga wa maganda ya kokwa za aprikoti.

Nikaweka kalamu chini.

Kokwa hizo nilizijua kabla sijajua kusoma.
Malatya, Agosti, mapaa yote yameanikwa rangi ya chungwa,
mama yangu Satı kwenye kigoda,
jiwe kulia, kokwa kushoto, ko, ko, ko,
mpaka adhana ya alasiri.
Viini vitamu tuliuza, vichungu tulitenga,
maganda tukayatia jikoni wakati wa theluji
yakaalika na kunukia.
Sikumwona hata mmoja aliyejipaka usoni.

Chini ya hadubini, "unga laini".
Laini kwa nani?
Naona kona, naona makali, naona meno.
Ganda halisahau kwamba lilipondwa.

Siku ya kwanza nilijitazama kwenye kioo cha tramu
nikakiri: ninang'aa.
Siku ya tisa, mashavu yanawasha nikicheka.
Siku ya kumi na moja nikaacha kucheka,
na Tuncay wa mauzo akaniuliza nani amefariki.
Siku ya kumi na nne nikaugawa uso:
kushoto tyubu, kulia maji matupu.
Siku ya ishirini kushoto kuling'aa kama sahani.
Kulia kulikuwa na ngozi.

Haba na haba hujaza kibaba.
Haba na haba hukikomba pia,
lakini hilo halikuandikwa popote kwenye tyubu.
Limeandikwa "kila siku", kwa herufi za dhahabu.

Nikampigia mama.
"Wanasaga maganda?"
"Wanasaga."
"Wanauza kiasi gani?"
Nikamtajia. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
Kisha, kama anayezungumzia mvua, akaniambia
jana benki mashine imekataa kidole chake,
ikakataa na cha pili, na cha tatu;
karani, kijana mwenye adabu, amempa kitambaa afute,
akafuta, akafuta.
"Hakuna kitu pale, mwanangu. Pametelezaaa.
Pensheni yangu inasema mimi si mimi."
Miaka hamsini ya maganda.
Tena mkononi, ambako ngozi ni nene.

Nimeandika ripoti.
Kinasafisha.
Gliserini iacheni ilivyo.
Asidi mnayo tayari, nayo hufanya kazi ileile kimyakimya.
Waliomba tatu, nimeongeza ya nne:
ondoeni ganda, au ondoeni "kila siku".

Ghorofa ya nne wamejibu kwa shukrani.
Wamechukua ya kwanza.

Kilichobaki kwenye tyubu nimesugulia birika la chai.
Limetakata, masizi yote ya tangu Ramadhani yametoka.
Hapo sina la kulalamika.